Kuupenda mji wako si asabiyya: Somo kutoka kwa wanahistoria wa miji ya Kiislamu

Shukrani zote anastahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake.

Ndugu msomaji, miongoni mwa maswali ambayo vijana huuliza sana katika madarasa ya Maarifa ya Uislamu ni hili: Je, yafaa Muislamu kujinasibisha na mji wake na kuuonea fahari? Wapo wanaojibu haraka kuwa haifai, kwa hoja kwamba Umma ni mmoja na kwamba kutajataja miji ni mlango wa asabiyya, ule upendeleo wa kikabila uliokemewa vikali na Mtume (s.a.w.). Wapo pia, kwa upande wa pili, wanaotetea miji yao kwa kunukuu "hadithi" inayoifanya nchi kuwa sehemu ya imani. Makundi yote mawili yana tatizo. Kundi la kwanza limesahau karne nyingi za kazi ya wanazuoni wetu. Kundi la pili linategemea maneno ambayo mabingwa wa hadithi wamekwisha kubainisha kuwa hayana asili kutoka kwa Mtume (s.a.w.).

Lililothibiti linatosha. Imepokewa na Tirmidhi kwamba Mtume (s.a.w.), alipokuwa akiuaga mji wa Makka, aliueleza kuwa ndio ardhi aipendayo zaidi, na kwamba asingetoka lau watu wake wasingemtoa. Na alipofika Madina, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim, alimuomba Allah (s.w.) awapendezeshee mji ule mpya kama walivyoipenda Makka au zaidi. Basi mapenzi ya mji si dhambi. Swali la kujiuliza ni hili: mapenzi hayo yakufanyishe nini?

Maulamaa waliotangulia walilijibu swali hilo kwa kalamu. Waliopenda miji yao waliketi wakaandika habari zake. Katika makala haya tutatazama waliandika nini, kwa nini waliandika, na sisi tunaoishi mijini leo tunapata funzo gani.

Kutoka kabila hadi mji

Imam Ibn al-Salah, mwanazuoni aliyefariki Damascus mwaka 643 Hijria (1245 Miladia), aliandika kitabu mashuhuri juu ya elimu ya hadithi. Mwishoni mwa kitabu hicho kuna mlango unaozungumzia miji ya wapokezi wa hadithi. Humo anaeleza jambo zito ambalo wengi hulipita bila ya kulitia maanani. Anasema kuwa Waarabu wa zamani walikuwa wakijinasibisha na makabila yao, lakini ulipokuja Uislamu na wakawa wakazi wa miji na vijiji, wakaanza kujinasibisha na mahali wanapoishi.

Tulitazame hili vizuri. Mtu aliyeulizwa yeye ni nani, zamani alijibu kwa kutaja ukoo. Sasa akawa anaweza kujibu kwa kutaja mji. Ukoo ni mlango uliofungwa, kwani huwezi kuingia katika ukoo ambao hukuzaliwa humo. Mji ni mlango uliowazi.

Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, 1277 Miladia), alipokifupisha kitabu hicho cha Ibn al-Salah, alitaja kauli ya Abdullah bin al-Mubarak na wengineo kwamba mtu akiishi katika mji kwa miaka 4 hunasibishwa nao. Na aliyehama kutoka mji mmoja kwenda mwingine, hutajwa kwa miji yote miwili: kwanza ule wa mwanzo, kisha ule wa pili. Ndiyo maana katika vitabu utakuta mtu ameitwa wa Baghdad kisha wa Damascus, wala hakuna aliyeona kuwa hilo linampunguzia heshima yake upande wowote.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Imam Bukhari mwenyewe. Nisba yake ya kikabila ilikuwa al-Ju'fi, lakini hakuwa Muarabu wa kabila la Ju'fi. Babu wa baba yake, al-Mughira, alisilimu mikononi mwa gavana wa Bukhara aliyekuwa wa kabila hilo, na kwa desturi ya wakati ule ukoo wake ukaunganishwa nalo. Baba wa al-Mughira alikufa akiwa Majusi. Leo hii, Muislamu wa kawaida akitajiwa al-Ju'fi hajui anaambiwa habari za nani. Ukimtajia Bukhari, hata mtoto wa chuoni anajua. Dunia ilimtambua kwa mji wake na kwa elimu yake.

Kwa nini waliandika?

Wengi wetu tunadhani historia ya miji iliandikwa ili kusifu wafalme na majumba yao. Yapo maandiko ya namna hiyo. Lakini sehemu kubwa ya historia za miji ya Kiislamu ilizaliwa ndani ya elimu ya hadithi. Hadithi husimama juu ya isnadi, yaani mlolongo wa waliopokea. Ili ujue kama fulani kweli alisikia kutoka kwa fulani, ni lazima ujue kila mmoja aliishi wapi, alizaliwa lini, alisafiri kwenda wapi na alikufa mwaka gani. Na hakuna anayeyajua hayo vizuri kuliko watu wa mji husika.

Miongoni mwa vitabu vya mwanzo vya aina hii vilivyotufikia ni historia ya mji wa Wasit, Iraq, iliyoandikwa na Aslam bin Sahl, maarufu kwa jina la Bahshal, aliyefariki karibu na mwaka 292 Hijria (905 Miladia). Baada ya kueleza habari za kujengwa kwa mji, anawapanga watu wake tabaka baada ya tabaka, kuanzia Masahaba waliofika sehemu zile hadi walimu wa zama zake, na kila mmoja anamtajia hadithi alizozipokea. Ukikisoma unaona kuwa kwake yeye mji ni mlolongo wa watu waliopokezana amana, na kuta na masoko yamewekwa ili kuwahifadhi.

Faida ya kujua tarehe inaonekana katika kisa cha al-Khatib al-Baghdadi. Zama zake ililetwa kwa waziri wa khalifa hati iliyodaiwa kuandikwa kwa amri ya Mtume (s.a.w.), ikiwasamehe jizya watu wa Khaybar, na chini yake majina ya Masahaba walioshuhudia. Al-Khatib aliitazama akasema ni ya kughushi. Alipoulizwa amejuaje, alieleza kuwa miongoni mwa mashahidi ametajwa Muawiya (r.a.), naye alisilimu mwaka wa kufunguliwa Makka, ilhali Khaybar ilifunguliwa mwaka wa 7 Hijria, kabla yake. Tena ametajwa Sa'd bin Mu'adh (r.a.), naye alifariki baada ya vita vya Khandaq, miaka miwili kabla ya Khaybar. Hati ikaanguka kwa hesabu ya miaka.

Baghdad na maji ya Zamzam

Al-Khatib huyu (392-463 Hijria, sawa na 1002-1071 Miladia) ndiye mwandishi wa Tarikh Baghdad. Kilipochapwa Cairo mwaka 1931 kilijaza majuzuu 14. Ndani yake mna maisha ya watu zaidi ya 7,000. Anaanza na ujenzi wa mji ulioanzishwa na khalifa al-Mansur mwaka 145 Hijria (762 Miladia), milango yake, madaraja na makaburi yake, kisha anaingia kwa watu. Wa kwanza kutajwa ni wale walioitwa Muhammad, kwa ajili ya heshima ya jina la Mtume (s.a.w.).

Wanahistoria wamepokea kwamba alipokwenda Hijja alikunywa maji ya Zamzam na kumuomba Allah (s.w.) mambo matatu: aisomeshe historia ya Baghdad ndani ya Baghdad, asomeshe hadithi katika msikiti wa al-Mansur, na azikwe karibu na kaburi la mchamungu Bishr al-Hafi. Yote matatu aliyapata. Hebu tujiulize, ni wangapi kati yetu tukifika Zamzam tunakumbuka kuomba uwezo wa kuhifadhi kumbukumbu za watu wema wa miji yetu?

Damascus katika zama za vita

Mkubwa kuliko wote katika fani hii ni al-Hafidh Ibn Asakir wa Damascus (499-571 Hijria, 1105-1176 Miladia). Alizaliwa miaka michache baada ya wapiganaji wa Vita vya Msalaba kuiteka Jerusalem mwaka 1099. Mwaka 1148, akiwa mtu mzima, majeshi hayo yaliuzingira mji wake mwenyewe bila ya mafanikio. Sultani Nur al-Din alipoingia Damascus mwaka 1154 alimjengea Dar al-Hadith, na hamu ya Sultani huyo ilimpa Ibn Asakir nguvu ya kuikamilisha kazi aliyokuwa ameianza zamani. Matokeo yake ni kitabu ambacho chapa ya Beirut imefikisha majuzuu 80. Alipofariki, Salah al-Din al-Ayyubi alihudhuria mazishi yake.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Mji ulio vitani una kila sababu ya kujifungia na kuwatilia shaka wageni. Lakini Ibn Asakir alifanya kinyume chake. Hakuandika habari za wazaliwa wa Damascus peke yao. Aliandika habari za kila mtu mashuhuri aliyeishi humo, aliyekuja kusoma na hata aliyepita njia. Manabii wanaonasibishwa na ardhi ile wamo. Masahaba wamo, washairi wamo, na wanawake wamo kwa wingi, wengi wao wakiwa wapokezi wa hadithi. Naye mwenyewe, aliyezunguka kutafuta elimu hadi Khurasan, alisoma kwa masheikh wapatao 1,300 na kwa wanawake zaidi ya 80.

Kwa maneno mengine, fahari ya Damascus kwa Ibn Asakir ilikuwa wingi wa waliopita katika milango yake. Mji mkubwa kwake ni ule uliopokea watu wengi na kuwafundisha wengi. Huu ni mzani tofauti kabisa na ule wa "sisi ndio wenyeji, wao ni wakuja".

Qazwin na hatari ya kusifu kwa uongo

Tusije tukadhani kuwa kila kilichoandikwa kuhusu miji kilikuwa safi. Mapenzi yakikosa elimu huzaa uongo, na wanazuoni wetu hawakulificha hilo. Imam Abu Zur'a al-Razi ameeleza kuwa mtu mmoja aitwaye Maysara bin Abd Rabbih alitunga hadithi 40 juu ya fadhila za mji wa Qazwin, akidai anatafuta thawabu! Qazwin ulikuwa mji wa mpakani uliokuwa na walinzi wa jihadi, naye alitaka kuwahamasisha watu wakaishi huko. Hata hadithi ya fadhila za Qazwin iliyomo katika Sunan Ibn Majah, ambaye mwenyewe alikuwa mtu wa Qazwin, Ibn al-Jawzi aliiweka katika kitabu chake cha hadithi za kutungwa. Hawakumuonea haya Ibn Majah pamoja na utukufu wake, wala hawakujali watu wa Qazwin watanuna.

Na ni katika mji huo huo wa Qazwin ndipo alipotoka Imam al-Rafi'i, aliyefariki mwaka 623 Hijria (1226 Miladia). Wasomaji waliopitia fiqhi ya Kishafii katika mwambao wetu wanamfahamu, hata kama hawajui kuwa wanamfahamu. Kitabu chake al-Muharrar ndicho alichokifupisha Imam Nawawi na kutupatia Minhaj al-Talibin, kitabu kilichosomeshwa vizazi kwa vizazi na masheikh wa Pwani ya Afrika Mashariki. Faqihi huyu mkubwa hakuona kuwa ni kazi ndogo kukaa na kuandika al-Tadwin fi Akhbar Qazwin, historia ya mji wake na wanazuoni wake. Hukumu za fiqhi aliuandikia Umma wote, na majina ya walimu wa mji wake akawaandikia wasije wakasahaulika. Hakuona mgongano baina ya mambo hayo mawili.

Miji hufa, majina hubaki

Mwaka 618 Hijria (1221 Miladia) Wamongolia waliuangamiza mji wa Naysabur, mji wa Imam Muslim. Mwaka huo huo Marw nayo ilibomolewa. Maelfu ya watu waliuawa, na maktaba zikateketea.

Karne mbili kabla ya balaa hilo, al-Hakim al-Naysaburi, mwenye al-Mustadrak, alikuwa amekwisha kuandika historia kubwa ya wanazuoni wa Naysabur. Alifariki mwaka 405 Hijria (1014 Miladia). Baada yake akaja Abd al-Ghafir al-Farisi (aliyefariki mwaka 529 Hijria, 1135 Miladia) akaiendeleza. Kitabu chenyewe cha al-Hakim hakikutufikia kikiwa kamili, lakini mukhtasari wake upo, na waliokuja nyuma wamenakili mengi kutoka kwake. Kwa ajili hiyo leo tunajua majina ya watu wa mji ambao nyumba zao ziligeuka vumbi. Panga la Wamongolia lilifika kila mtaa wa Naysabur, lakini halikufika kwenye karatasi zilizokwisha safiri kwenda miji mingine.

Bukhara nayo ina funzo lake. Abu Bakr al-Narshakhi aliandika historia ya mji huo kwa Kiarabu karibu na mwaka 332 Hijria (943 Miladia). Miongoni mwa anayoyasimulia ni kujengwa kwa msikiti wa Ijumaa na Qutayba bin Muslim mwaka 94 Hijria (712/713 Miladia), na jinsi Waislamu wapya wa huko walivyosoma Qur'an katika swala kwa lugha yao ya Kifursi mwanzoni, kwa kuwa walikuwa hawajakiweza Kiarabu. Mwaka 522 Hijria (1128 Miladia) kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kifursi, kwa sababu watu wengi hawakuwa na hamu ya kusoma kitabu cha Kiarabu. Asili ya Kiarabu imepotea. Kilichobaki ni kile cha lugha ya watu wenyewe.

Na sisi je?

Msomaji asidhani kuwa haya ni ya Iraq, Sham na Khurasan tu. Fani hii ilifika hadi mwambao wetu. Kipo kitabu cha Kiarabu kiitwacho Kitab al-Sulwa fi Akhbar Kulwa, yaani habari za Kilwa. Litazame jina lenyewe, kisha likumbuke lile la Imam al-Rafi'i: huku Akhbar Qazwin, kule Akhbar Kulwa. Ni fani ile ile. Kiliandikwa katika karne ya 16, zama ambazo Wareno walikuwa wamekwisha kuivamia Kilwa mwaka 1505. Nakala iliyotufikia ilinakiliwa Zanzibar katika karne ya 19, na sasa imehifadhiwa London.

Kitabu hicho kinasimulia kuja kwa majahazi 7 kutoka Shiraz. Watafiti wa zama zetu wamejadiliana sana juu ya usahihi wa simulizi hilo, na mambo ya kale yaliyochimbuliwa yanaonesha kuwa watu waliishi pale kabla ya hao wanaosemwa kuwa waanzilishi. Lakini hata kitabu chenyewe kinakiri kuwa wageni hao walipofika walimkuta Muislamu, tena walikuta na msikiti. Hapo tunajifunza kuwa historia ya mji ikisomwa kwa uadilifu humtaja aliyekuja na humtaja aliyekuwepo.

Sasa tuitazame hali yetu. Chukua msikiti unaoswali wewe. Nani aliutoa uwanja? Je, ni wakfu, na hati yake iko wapi? Imamu wa kwanza alikuwa nani, na alisoma kwa nani? Mama gani alikuwa akisomesha watoto Juzuu Amma barazani kwake kabla madrasa haijajengwa? Katika mitaa mingi majibu ya maswali haya yako vifuani mwa wazee wawili au watatu, na kila mzee anapozikwa, juzuu moja linazikwa naye. Kisha inapozuka mizozo ya viwanja na wakfu hatuna cha kuonesha, na anapotokea mtu kutuandikia historia yetu kwa mujibu wa apendavyo tunalalamika, ilhali sisi wenyewe hatukuandika.

Kutokana na tuliyoyaona, yapo mambo matatu ya kushika. La kwanza, tuandike majina na miaka. Sifa tupu hazina faida. Jina la mwalimu, la mwalimu wake, na mwaka aliofariki, hayo ndiyo historia. La pili, tuandike ukweli hata kama hautupendezi, na tutaje tumeupata kwa nani, ili atakayekuja nyuma aweze kuupima. La tatu, tusimfungie mtu mlango. Kama miaka 4 ilitosha kumfanya mtu kuwa wa Baghdad au wa Damascus, kwa nini aliyeishi nasi miaka 40, akasomesha watoto wetu na kuzika maiti wetu, aendelee kuitwa wa kuja?

Qur'an katika Suratul Hujurat (49:13) inatufundisha kuwa tumejaaliwa kuwa mataifa na makabila ili tujuane, na kwamba mbora wetu ni mchamungu zaidi. Kujuana kunahitaji kumbukumbu. Daftari moja, kalamu moja, na alasiri moja kwa wiki pamoja na mzee wa mtaa, inatosha kuianza kazi hii. Tusingoje mwanachuo kutoka mbali aje atufanyie.

Tumuombe Allah (s.w.) awarehemu wanazuoni waliotuhifadhia majina ya waja wake wema, na atujaalie tuwe miongoni mwa watakaowahifadhia wanaokuja baada yetu. Amin.

Wallahu a'lam.